Mahali Ambapo Babu Hakuulizwa

Mmeniuliza sana, ninyi wa darasa letu, na kila mara nimejibu "tulimzika tu" kisha nikainama kufunga viatu. Mnanijua. Mtu akiniangalia usoni maneno yote yananikimbia. Karatasi hainiangalii. Kwa hiyo naandika mara moja, mtapeana wenyewe kwa wenyewe, na tafadhali msisome kwa sauti nikiwa ndani.

Ni kweli Babu alikimbia Olimpiki, zile za zamani, wakati watu wa pande zetu waliofika kule walikuwa wachache sana. Na ni kweli alikimbia amevaa jezi ya Uganda. Alienda huko kijana, kukata miwa, wakaona ana miguu ya mbio. Aliporudi kutoka Olimpiki, Waganda wakasema huyu ni Mkongomani, amekalia nafasi ya mtoto wa nchi. Akavuka mpaka kurudi Kongo, na huku wakasema ni Mganda. Baadaye, miaka ilipozidi kuwa mibaya, wakaanza kusema ni Mnyarwanda. Yeye alifundisha watoto wa shule mazoezi ya viungo mpaka akazeeka, na juu ya hayo mengine alinyamaza.

Habari ya makaratasi ya kubeba maiti, na gari lilivyopatikana, nairuka. Sikuielewa hata nilipokuwa ndani yake.

Majengo, nyumbani

Babu alikufa amelala ubavu, uso ukutani, kama mtu aliyechoka na wageni. Kilio kiliwekwa hapo hapo kwetu. Turubali lilifungwa kutoka kwenye paa mpaka kwenye ukuta wa mawe ya volkano, viti vya plastiki vikaazimwa kanisani.

Kesho yake akaja bwana mmoja wa michezo, kutoka ofisi za kule Himbi, mtaa wa wakubwa hapa Goma. Suti nzuri, viatu vinaogopa vumbi letu jeusi. Chini ya kwapa alikuwa na bendera ya taifa, imekunjwa vizuri. Baba mdogo Jospin, kitinda mimba wa Babu, alisimama kumpokea, na nilimwona akinyoosha kola ya shati.

Yule bwana alikaa, akapewa Fanta, akauliza taratibu:

"Kule kwenye Olimpiki, muzee alivalaka jezi ya nani?"

"Ya Uganda," baba mdogo akasema. "Lakini mutu ni wa hapa, papa. Batu bote ba Majengo banamujua."

"Njo ile shida. Tukimufunika na drapo yetu, kesho batatuuliza."

"Nani atawauliza?"

"Batauliza tu."

Alimaliza Fanta yake yote. Akaweka chupa chini polepole, akatoa pole kwa kila mama aliyeketi, akaondoka na bendera yake chini ya kwapa.

"Alileta ile kitambaa ipate hewa," jirani mmoja akasema, na watu wakacheka kidogo kabla ya kurudia kulia.

Babu mwenyewe hakuwahi kuomba bendera. Alichoomba ni kimoja, na aliniomba mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeishi naye tangu nikiwa mdogo na kumpelekea maji ya kunawa asubuhi. Alisema: "Munizike Vitshumbi. Njo pahali pamoja tu penye batu habakuniulizaka mi ni mutu wa wapi."

Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi, kaskazini huko, kwenye ziwa Edward, katikati ya mbuga ya wanyama. Babu alikulia pale. Mama yake alifika akiwa amembeba mgongoni, bado ananyonya. Ametoka wapi, hakumwambia mtu, na alikufa bila kumwambia hata mwanawe. Niliwahi kumuuliza Babu kwa nini wavuvi hawakutaka kujua. Akanijibu: "Bangeuliza ya nini? Alijua kukausha samaki."

Sasa mnajua desturi yetu. Maiti haishuki kaburini kabla mtu wa familia hajasimama kusema biografi yake, kwamba alizaliwa wapi, na nani, alifanya nini, ameacha nani. Kazi hiyo hupewa mtu mzima mwenye sauti. Baba mdogo alinipa mimi.

"Weye njo uliishi naye," alisema. "Na pahali pa kuzaliwa utasema Vitshumbi. Unasikia, Asifiwe? Usianze kueleza eleza."

Nilisema nimesikia.

Mpaka Kibumba

Tulisafiri na gari la samaki. Linakwenda Vitshumbi tupu na kurudi limejaa, kwa hiyo sanduku la Babu liliwekwa kati ya makreti matupu yanayonuka chumvi na magamba. Dereva alikuwa Papa Idi, Muislamu wa Goma ambaye wazee wake walitoka Maniema. Alizunguka sanduku, akakaza kamba mwenyewe, akasema:

"Muzee atanisamehe. Abiria bangu hawakataagi harufu."

Baba mdogo alikaa mbele naye. Mimi nilikaa nyuma na Babu, juu ya gunia. Watu husema maiti haiachwi peke yake, lakini ukweli ni kwamba mimi pia nilipenda huko nyuma, ambako hakuna mtu wa kuongea naye.

Kibumba ni baridi kila siku. Hapo tulikuta bariyeri, kamba iliyokata barabara, na vijana wenye bunduki waliokuwa wakituzuia kwa sababu mkubwa wao hajafika. Tukangoja. Wamama wanaouza kabichi kando ya barabara waliona sanduku wakaja, mmoja mmoja, wakiwa na vitenge mabegani. Waliuliza kwa Kinyarwanda ni nani. Baba mdogo alishuka akawajibu kwa Kinyarwanda, vizuri kuliko nilivyojua anaweza. Wakaanza kuimba, nyimbo za kanisa, taratibu, na mvuke ukiwatoka midomoni. Mmoja akanipandishia viazi vya moto ndani ya jani la kabichi, na chumvi na pilipili. Nilikula nikilia. Nyimbo zao zilikuwa nzuri, sikuzielewa hata moja.

Kisha akatokea mzee mwenye koti la mvua, akagonga sanduku kwa fimbo kama anayebisha hodi.

"Uyu namujua," akasema. "Nilimuonaka Kigali akikimbia. Alivalaka jezi ya Rwanda. Ni mutoto wa kwetu kabisa."

Babu hakukimbia Kigali hata siku moja. Nilimtazama baba mdogo.

"Ndiyo, muzee," baba mdogo akasema. "Ni yeye."

Yule mzee alienda akaongea na vijana wa bariyeri, na kamba ikashushwa. Papa Idi aliwasha gari. Tulipokuwa tumeshafika mbali kidogo nilimsikia kupitia dirisha dogo la nyuma:

"Jospin, kama ni vile, tukifika Rutshuru muzee atakuwa Muchina."

Kiwanja, tuliponyeshewa

Rutshuru tulipita bila kusimama. Ni nchi ya migomba na maharage, na siku hiyo ilikuwa kijani mpaka inatia huzuni. Mbele kidogo, kwenye mji wa Kiwanja, walituambia njia ya mbuga imefungwa. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, na isitoshe kulikuwa na milio ya risasi huko mbele. Hakuna aliyejua itafunguliwa lini. Papa Idi akaomba hifadhi kwenye uwanja wa kanisa moja. Msimamizi wa pale hakumjua hata mmoja wetu, akafungua geti.

Tulikaa hapo siku nyingi kuliko tulivyopanga. Mvua iliponda turubali mchana kutwa. Hospitalini Goma walikuwa wamemtia Babu dawa, lakini nilianza kumuona baba mdogo akizunguka sanduku na kunusa kwa siri, kama mtu anayeangalia kama chakula kimelala vibaya.

Wamama wa kwaya walikuja, Wanande karibu wote, kama wavuvi wa Vitshumbi, wakiwa wamesikia kuna mtu wa Vitshumbi anarudishwa kwao. Walituletea bugali, sombe ya majani ya muhogo na makayabu, wale samaki wa chumvi. Kiongozi wao, mama mnene mwenye sauti nzito, alikaa karibu na baba mdogo.

"Papa, tunaimba, lakini bamama banataka kujua banamulilia nani. Jina yake ya kwetu ni nini? Ni Paluku, ao Kambale, ao nani?"

Wengi wenu mnajua, lakini kwa wasiojua, Wanande hupanga majina kwa kufuata uzawa. Wa kwanza Paluku, anayemfuata Kambale, na kuendelea. Babu hakuwa na jina la aina hiyo. Jina lake lilikuwa Simoni tu, kama mnavyomjua. Baba mdogo alikuwa amechoka, mdomo umejaa bugali, akasema lililomjia.

"Kambale."

"Ah. Basi iko na mukubwa wake. Paluku wake iko wapi? Mukubwa njo anatangulia kutupa udongo."

Nilimwona baba mdogo akimeza.

"Walipotezanaka zamani," akasema. "Muzee alienda Uganda."

Mama yule aliweka mkono kifuani. Akawaita wenzake, wakaongea Kinande haraka haraka, na kijana mmoja akatumwa na pikipiki mvuani. Baba mdogo akauliza kuna nini.

"Hapa Kiwanja iko muzee Paluku," yule mama akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Mudogo wake alipotelea Uganda. Kambale. Kila Noeli anatuombesha juu yake."

Baba mdogo angeweza kusema hapo. Alifungua mdomo. Wamama walikuwa wameshaanza kuimba, safari hii kwa nguvu, wamesimama, kwa sababu kilio kilikuwa kimegeuka kuwa chao kweli. Akaufunga.

Mzee Paluku alifika nyuma ya pikipiki, amevaa koti la Jumapili, maji yanamtiririka kutoka kwenye kofia. Mwembamba, mrefu. Watu walimpisha. Alienda moja kwa moja mpaka kwenye sanduku akaweka kiganja juu yake.

"Mudogo wangu," akasema. "Umerudi ndani ya mbao."

Kisha akaomba amuone. Papa Idi alimtazama baba mdogo, baba mdogo akatazama chini. Papa Idi ndiye aliyefungua kifuniko. Mzee Paluku aliinama, akaangalia muda mrefu, akageuza kichwa cha Babu kidogo kwa vidole viwili, kwa upole, akatazama nyuma ya sikio.

"Hapana," akasema. "Kambale wangu iko na kovu huku. Ni mi nilimukata, tukiwa tunacheza na kisu ya mama."

Hakuna aliyeimba tena. Mvua tu.

"Nilikuwa nimeanza kufurahi," mzee akasema, si kwa mtu yeyote. Kisha akamgeukia baba mdogo. "Sasa uyu ni nani?"

Baba mdogo alikuwa ameshatumia majibu yote. Yule mama wa kwaya alimwangalia mara moja tu, akakusanya sahani zake, na wamama wakaondoka mmoja mmoja chini ya mvua. Mzee Paluku alibaki. Aliuliza kama anaweza kukaa kidogo, kwa sababu alishavaa koti. Akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya Babu mpaka nguo zikamkaukia mwilini, akilia bila sauti. Nilimpelekea chai. Alinishukuru na kuniita mjukuu.

Kupita mbugani

Njia ilipofunguliwa tuliondoka na magari mengine, tumetanguliwa na walinzi wa mbuga. Baada ya kijiji cha Mabenga miti inaisha, nchi inakuwa nyasi tupu mpaka mwisho wa macho. Niliona swala wakitutazama na nyati wamelala kwenye tope. Babu aliwahi kuniambia kwamba alijifunza kukimbia hapa, akiwa mtoto, akifukuza magari ya samaki ili adandie nyuma. Leo alikuwa amedandia moja bila kukimbia.

Juu ya Olimpiki hakusema mengi. Alisema alifika mwisho wa mbio wakati watu wameanza kutoka uwanjani, na mtu mmoja wa kufagia alisimamisha ufagio akampigia makofi. Hilo alilipenda. Alisema pia kwamba kwenye lango walikuwa na bendera za nchi zote, na alitafuta ile atakayosimama chini yake akakuta hajui ni ipi anayotafuta, basi akafuata migongo ya wenzake.

Gari lilisimama Rwindi, kwenye kituo cha walinzi, tukingoja waseme twende. Baba mdogo alipanda nyuma, akakaa kwenye kreti mbele yangu. Hakuwa amenyoa tangu Goma.

"Unanikasirikia," akasema.

Nilikaza kamba ya sanduku.

"Weye ni mutoto, unaona uongo tu. Mi nimekuwa nikiulizwa tangu nazaliwa. Shuleni, kazini, bariyeri. 'Baba yako ni wa wapi?' Nikisema hivi, banacheka. Nikisema vile, banakasirika. Tukimuzika pale kama mutu wa pale, itaisha. Nitakuwa na kwetu. Na weye pia. Neno moya tu, Asifiwe. Vitshumbi. Sema, niko nasikiliza."

"Vitshumbi," nikasema.

"Na nguvu kidogo."

"Vitshumbi."

"Njo vile." Alinishika bega, akashuka. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu mzima.

Vitshumbi

Kijiji kinaanza ghafla, nyasi zinaisha na nyumba za udongo zimebanana. Kila kitu kinanuka samaki, lakini siku hiyo harufu ilikuwa ya zamani. Makorongo wale wakubwa wenye vipara walikuwa wamekaa juu ya mabati wakitazama chini, wamekonda. Vichanja vya kukaushia samaki vilikuwa vitupu. Papa Idi aliviona akasonya. Watoto walitufuata bila kelele. Ndipo nilipoogopa, kwa sababu watoto wasiopiga kelele nyuma ya gari nimewaona kwenye kambi za wakimbizi tu.

Tuliambiwa tungoje ufukweni. Kiongozi wa wavuvi, Papa Katembo, alikuja na wanaume wengi, wakakaa kwenye mitumbwi iliyovutwa mchangani. Alitupa pole vizuri, akashika mkono wa kila mmoja, hata wangu.

"Kwetu iko hivi," akasema. "Mutu wa hapa akizikwa, hakuna mutumbwi inaingia mu ziwa mpaka kesho yake, na hakuna nyumba inakula samaki. Akizikwa mugeni, mitumbwi inaenda, na samaki ya kwanza njo ya benye maiti. Ni heshima ile, hatufukuzake mutu. Sasa, ziwa ilikuwa imefungwa, batu ba bunduki balikataza. Mumeona batoto betu. Leo jioni njo mara ya kwanza banatufungulia, na kesho hatujue. Kama muzee ni wetu, tutalala na njaa, hakuna mutu atasema kitu. Njo maana tunauliza. Si kwa ubaya. Ni wetu?"

"Ni wenu," baba mdogo akasema.

"Simoni wa mama mukausha samaki," ikasema sauti nyuma. Alikuwa bibi mfupi, kitenge kimefifia, mikono myeusi kwa moshi. Walimwita Mama Kavira. "Mama yake njo alinifundisha kazi. Iyi mikono yangu ni yake. Ni wetu, munauliza nini?"

"Mama Kavira," kijana mmoja akasema, "kwako hata viboko ni betu."

"Ni betu. Banapita kwangu kila siku, weye unapita lini?"

Wanaume wakacheka, na Papa Katembo pia, lakini alinyanyua mkono.

"Mama, uliachiwa kazi, sawa. Lakini kuna batu wengi balipita hapa, bakafanya kazi, bakaenda. Uyu alienda, akavaa jezi ya bengine. Nani atasema biografi yake?"

Baba mdogo alinisukuma mgongoni, kidogo tu.

Sijawahi kusimama mbele ya watu wengi vile. Nilitazama miguu yao, kwa sababu nyuso siziwezi. Kulikuwa na miguu ya watoto pia, imejipenyeza kati ya miguu ya wanaume, na magoti yalikuwa mapana kuliko mapaja. Papa Katembo aliinama kidogo ili anisikie.

"Alizaliwa wapi, mama?" akaniuliza. Aliniita mama, kwa upole.

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini akilini nikamuona tena mzee Paluku akigeuza kichwa cha Babu kwa vidole viwili.

"Alifika hapa mgongoni," nikasema. "Alikuwa ananyonya. Alikozaliwa hakukujua. Mama yake hakumwambia."

"Rudia, hatujasikia," mtu akasema kutoka nyuma, ikabidi nirudie.

Waliongea kati yao kwa Kinande. Mama Kavira alipiga kelele peke yake kwa muda, kisha akanyamaza. Papa Katembo alivua kofia.

"Mitumbwi itaenda," akasema. "Lakini atalala katikati ya batu betu, si pembeni. Ile nawapa."

Baba mdogo alisubiri wote waondoke. Alidhani hasira itamfanya apaze sauti, nadhani, lakini ilitoka ndogo.

"Neno moya," akasema. "Nilikuomba neno moya."

Na mimi nilikuwa nafikiria lingine. Babu alipenda pale kwa sababu hawakumuuliza. Sasa wamemuuliza, na aliyejibu ni mimi.

Kaburi lilichimbwa upesi, udongo wa kule ni laini, si kama Goma ambako kuchimba ni kuvunja mawe. Papa Idi alichimba na baba mdogo, kisha akasimama pembeni akainua viganja kwa dua yake. Walikuwepo bibi wachache na watoto. Nilipoanza kusema biografi, injini za mitumbwi ziliwaka chini kule, moja, nyingine, kisha zote, na sauti yangu ikapotea. Labda ndiyo maana niliweza. Nilianzia mwisho. Nilisema alivyokufa, watoto wa shule aliowafundisha, mpaka wa nchi aliouvuka mara nyingi, Olimpiki na yule mtu wa ufagio, miwa, magari ya samaki. Nikarudi nyuma mpaka kwenye mgongo wa mama yake, nikaishia hapo.

Baba mdogo alitupa udongo wa kwanza.

Asubuhi yake

Tulilala kwa Mama Kavira. Baba mdogo hakukataa nilipomtandikia mkeka. Asubuhi kijiji kizima kilikuwa ufukweni, na nilisikia kwa mara ya kwanza kelele za watoto. Moshi ulianza kutoka kwenye vichanja. Makorongo walikuwa wameshuka kutoka kwenye mabati.

Mama Kavira alikuja na sahani kubwa, ameishika kwa mikono miwili. Samaki mmoja mzima, mnono, wa kukaanga, na bugali pembeni. Aliweka mbele yetu.

Baba mdogo aliitazama ile sahani kama mtu anayetazama barua ya kufukuzwa kazi.

"Sisi si bageni, mama," akasema.

"Njo vile nilisema jana. Nilishindwa." Aligeuza beseni, akakaa juu yake, akafuta mikono kwenye kitenge. "Sasa mukule. Sahani ya kwanza hairudi na samaki. Ni haya kwangu, na ni haya kwa benye balivua."

"Sina njaa."

"Njaa uko nayo. Mi nakuona."

Baba mdogo aligeukia ziwa. Mabega yake yalikuwa yameinuka mpaka masikioni, na hakugeuka tena. Nje watoto walipita wakikimbia, kila mmoja na kipande mkononi. Mama Kavira alitazama sahani, kisha akanitazama mimi.

Nilinawa. Nikamega bugali, nikachukua upande wangu, na nilikuwa na njaa kuliko nilivyodhani. Upande wangu ulipokwisha nikageuza samaki, nikala upande wa baba mdogo pia, polepole, mpaka kichwa. Mama Kavira alingoja hadi mwisho. Kisha akakusanya mifupa kwa kiganja, akainuka, akaenda na sahani yake.